Jinsi ya Kuongoza Kikao cha Barazani cha Kusikiliza Rokenroli Kuanzia Chimbuko Lake

Ukimtajia mtu rokenroli, mara nyingi jina la kwanza linalomjia ni Elvis Presley, mwimbaji wa kizungu wa Marekani, na kikao cha kusikiliza kinachoanza na Elvis huwa kimeharibika kahawa haijapoa, kwa sababu kila santuri itakayofuata itasikika kama kazi ya mtu aliyemwiga, hata ikiwa ilirekodiwa miaka saba kabla yake. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mkazi wa Lamu anayetaka kuwakalisha jamaa, majirani na vijana wa mtaa kwa usiku mmoja, awapitishe kwa masikio yao wenyewe kutoka rithimu na bluzi ya miaka ya 1940 hadi rokenroli ya 1955 na 1956. Jambo la kuthibitisha ni moja: muziki ule Wamarekani weusi walikuwa wakiupiga, wakiucheza na kuununua kwa miaka mingi kabla haujapewa jina la rokenroli na kuuzwa kwa vijana wa kizungu. Likielezwa kwa mdomo, jambo hilo huzua ubishi wa usiku kucha. Likisikilizwa kwa mpangilio unaofaa, msikilizaji hulifikia mwenyewe.

Matayarisho

Chagua usiku ambao mtaani hamna msiba wala harusi, na uanze baada ya sala ya Isha, watu wakiwa wamekwisha kula. Ramadhani na siku za Maulidi ziache kando. Waarifu majirani mapema, kwa kuwa vichochoro vya mtaa wa Mkomani ni vyembamba na sauti ya saksofoni hupanda ghorofani bila kubisha hodi. Nyumba ya mawe yenye daka, yaani kibaraza cha mlangoni, inafaa kuliko nyingine zote: spika ikiwekwa ndani ya daka karibu na mlango, wanaume walioketi kwenye mabaraza na wanawake walio ndani watasikia kwa usawa, na hilo si la kupuuzwa, kwa maana wimbo ulio kiini cha usiku huu umeimbwa na mwanamke anayemtolea mwanamume uvivu. Spika ndogo ya kuunganishwa na simu inatosha, mradi sauti nzito za chini zisikike, kwa sababu nusu ya habari yenyewe imo katika besi na mkono wa kushoto wa mpiga piano.

Nyimbo zote zipakue mchana. Unapozitafuta, usiandike R&B, yaani kifupi cha Kiingereza cha rithimu na bluzi, peke yake, kwa kuwa programu ya simu itakuletea nyimbo za mapenzi za miaka ya 1990 na kuendelea, ambazo ni wajukuu wa muziki huu na si muziki wenyewe. Andika jina la mwimbaji, jina la wimbo na mwaka. Uhakikishe pia kwamba umepata santuri ya asili, kwa kuwa waimbaji wengi walizirekodi upya nyimbo zao baadaye kwa kampuni nyingine. Chuck Berry, kwa mfano, mwimbaji na mpiga gitaa mweusi, alizirudia nyimbo zake mashuhuri kwa kampuni ya Mercury katika miaka ya 1960, na ukimchezea mtu toleo hilo utakuwa umempa ushahidi usio na thamani. Upande mmoja wa santuri za enzi hizo haukuzidi sana dakika tatu, kwa hiyo nyimbo 12 hazimalizi hata saa moja. Muda uliobaki utaliwa na mazungumzo, na ndivyo inavyotakiwa.

Kofi na ubeti

Kabla ya wimbo wa kwanza, wafundishe wasikilizaji mahali pa kupiga kofi. Wahesabie moja, mbili, tatu, nne, kisha waambie wapige kofi kwenye mbili na nne tu. Watu waliokulia kwenye matari ya maulidi na vugo la harusini hawatashindwa kushika mdundo. Kazi itakuwa kuizuia mikono isipige kwenye moja. Wakishazoea, wachezee "Good Rockin' Tonight" ya Wynonie Harris, iliyoshika nafasi ya kwanza katika orodha ya nyimbo za Wamarekani weusi mwaka 1948. Utunzi huo ni wa Roy Brown wa New Orleans, ambaye alimpa Harris wimbo wake akakataliwa, akaurekodi mwenyewe mwaka 1947, na Harris alipoona unapendwa akaurekodi naye. Katika toleo la Harris makofi yamo ndani ya santuri, kwenye mbili na nne, na yalitoka katika makanisa ya watu weusi ambako waumini waliyatumia kuuinua wimbo. Waache wasikilizaji wapige pamoja nayo tangu mwanzo hadi mwisho. Mtu akishapiga kofi hilo kwa dakika tatu, hatahitaji kuelezwa tena pigo la rokenroli liko wapi.

Jambo la pili la kufundisha ni umbo la ubeti. Bluzi ya kawaida, muziki wa Wamarekani weusi uliotangulia huu, ina vipimo 12, kila kimoja kina mapigo manne, na mara nyingi ubeti wake una mishororo mitatu: wa kwanza hutolewa, wa pili hurudia maneno yale yale, na wa tatu hujibu huku ukilingana nao kwa kina cha mwisho. Ala nazo zina safari yao isiyobadilika. Hukaa nyumbani, yaani kwenye sauti ya msingi, vipimo vinne, hupanda ngazi ya nne kwa vipimo viwili, hurudi nyumbani viwili, kisha hugusa ngazi ya tano na ya nne, kipimo kimoja kimoja, kabla ya kutua. Katika mji wa washairi kama Lamu maelezo haya huchukua dakika moja. Wenye kuzoea udi na maqamu, yaani mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu, watalalamika kwamba sauti ni chache na safari ni ile ile, na lalamiko lao lina haki. Waambie waache kuutafuta utamu kwenye sauti, wautafute kwenye mdundo na kwenye namna mwimbaji anavyochelewa au kuwahi pigo.

Anza na Louis Jordan

Wimbo wa pili uwe "Choo Choo Ch'Boogie" wa Louis Jordan, wa mwaka 1946. Hadi miaka ya vita, muziki wa dansi wa Marekani ulitawaliwa na bendi kubwa zenye wapigaji 15 au zaidi, na gharama za kuzilipa na kuzisafirisha zilizidi kuwa nzito. Jordan alithibitisha kwamba kundi dogo, lenye saksofoni, tarumbeta, piano, besi, ngoma na baadaye gitaa la umeme, linaweza kuujaza ukumbi ule ule. Kundi lake liliitwa Tympany Five, ingawa mara nyingi lilikuwa na watu zaidi ya watano, na hakuna aliyejali. Alikuwa mcheshi, aliimba habari za treni, karamu za samaki na polisi wanaovamia karamu hizo, na nyimbo zake zilitawala mashine za kuchezea santuri kwa sarafu katika mitaa ya watu weusi. "Choo Choo Ch'Boogie" ulikaa juu ya orodha kwa wiki 18.

Sasa waambie jambo ambalo vitabu vingi huliweka pembeni. Mtu aliyesimamia kurekodiwa kwa nyimbo za Jordan katika kampuni ya Decca aliitwa Milt Gabler, na ndiye huyo huyo aliyesimamia "Rock Around the Clock" ya Bill Haley, mwimbaji wa kizungu, mjini New York mwezi Aprili 1954. Gabler mwenyewe alieleza kwamba alikuwa akiwaimbia wanamuziki wa Haley vipande vya Jordan ili wavipige. Chezesha nyimbo hizo mbili zikifuatana na usiseme neno katikati.

Baada yake fanya jaribio fupi ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lenye nguvu kuliko yote. Tafuta wimbo wa Jordan wa mwaka 1946 uitwao "Ain't That Just Like a Woman" na ucheze sekunde za mwanzo tu, pale gitaa la Carl Hogan linapofungua mlango peke yake. Simamisha. Kisha cheza mwanzo wa "Johnny B. Goode" ya Chuck Berry, ya mwaka 1958. Sauti zinakaribia kuwa zile zile, moja baada ya nyingine. Wengi wataomba urudie, nawe urudie. Berry hakuficha, alimtaja Hogan waziwazi kuwa miongoni mwa waliomfundisha.

Majina na biashara

Hapa mtu atauliza kwa nini muziki mmoja una majina mawili, na jibu lisichukue zaidi ya dakika tano. Jarida la biashara ya muziki la Billboard lilikuwa likiwatengea Wamarekani weusi orodha yao chini ya jina lililotaja rangi yao, hadi Juni 1949 lilipolibadilisha kuwa rithimu na bluzi, jina lililopendekezwa na mwandishi wake Jerry Wexler. Orodha haikuonyesha aina ya mdundo hata kidogo. Ilionyesha mnunuzi ni nani. Mwaka 1951 mtangazaji wa redio wa Cleveland, Alan Freed, alianza kuzicheza santuri hizo usiku na kugundua kwamba vijana wa kizungu walikuwa wakisikiliza, na yeye ndiye aliyelieneza jina la rokenroli, hasa baada ya kuhamia New York mwaka 1954. Freed aliusaidia sana muziki huu kusikika, lakini pia jina lake liliandikwa miongoni mwa watunzi wa "Maybellene" ya Chuck Berry, wimbo ambao hakuutunga, na hivyo akala sehemu ya malipo yake. Mambo yote mawili yasemwe.

Santuri mbili mbili

Moyo wa kikao ni kulinganisha toleo la asili na toleo lililouzwa kama rokenroli. Sheria ni moja na haina ruhusa ya kuvunjwa: la asili litangulie. Jozi zenyewe ziwe tatu, zisizidi.

Jozi ya kwanza ni "Hound Dog", na hii uipe muda mrefu. Willie Mae Thornton, aliyejulikana kama Big Mama, aliurekodi mjini Los Angeles mwezi Agosti 1952. Watunzi, Jerry Leiber na Mike Stoller, walikuwa vijana wa miaka 19, na Johnny Otis ndiye aliyepiga ngoma. Santuri ilitoka mwaka 1953 na kukaa juu ya orodha ya rithimu na bluzi kwa wiki saba. Sikiliza jinsi mwendo ulivyo wa taratibu, jinsi gitaa la Pete Lewis linavyojibizana na sauti yake, na jinsi wanaume nyuma wanavyobweka na kulia kama mbwa kuelekea mwisho. Umbo la ubeti ulilolifundisha mwanzoni limo humu bila kasoro: mshororo, marudio, jibu. Maneno yanamhusu mwanamume anayezungukazunguka mlangoni kwa mwanamke akitaka kulishwa, naye anaambiwa kwamba hata akitikisa mkia hatapewa chakula tena. Fasiri hayo tu. Wanawake waliokua wakisikiliza mafumbo ya taarabu wataushika ujumbe kabla hujamaliza sentensi, na kicheko kitasikika kutoka ndani.

Kisha cheza toleo la Presley, lililorekodiwa New York mwezi Julai 1956 baada ya kurudiwa mara 31. Mwendo ni wa kasi, ngoma za D.J. Fontana zinapasuka kama risasi kati ya mishororo, na santuri ilitamba katika orodha zote, za wazungu na za weusi. Maneno, hata hivyo, hayakuchukuliwa kwa Thornton moja kwa moja. Presley aliyasikia kwa kundi la Freddie Bell and the Bellboys huko Las Vegas, ambalo lilikuwa limeyabadilisha na kutia habari ya sungura. Mwanamume mvivu ametoweka na kilichobaki ni mbwa wa kweli. Waulize wasikilizaji wimbo upi una makali zaidi na upi unawainua kucheza, kwa sababu majibu ya maswali hayo mawili si lazima yafanane, na kiongozi wa kikao asilazimishe. Thornton mwenyewe alieleza kwamba wimbo huo ulimpatia hundi moja tu ya dola 500.

Baraza likianza kumshambulia Presley, usiliache lipotoke. Mwaka 1956 alimwambia mwandishi wa gazeti kwamba watu weusi walikuwa wakiimba na kupiga vivyo hivyo kwa miaka mingi asiyoijua idadi yake, akamtaja Arthur Crudup. Huyo ndiye mwenye jozi ya pili: "That's All Right", aliyoirekodi mwaka 1946, na ambayo Presley aliirudia mjini Memphis mwezi Julai 1954 ikawa santuri yake ya kwanza. Zicheze zote mbili na kupita.

Jozi ya tatu ni "Shake, Rattle and Roll", ya Big Joe Turner kwanza, kisha ya Bill Haley, zote za mwaka 1954. Turner alikuwa na umri wa miaka 42, mwimbaji wa bluzi kutoka Kansas City mwenye sauti ya kuweza kuushinda ukumbi mzima bila kipaza sauti. Kwake wimbo unaanza kitandani. Haley aliuhamishia jikoni na kuyabadilisha maneno ya gauni linalopenywa na jua. Ikiwa baraza lina watoto, kiongozi ajue mapema anachokicheza, ingawa Kiingereza cha Turner hakimfichui kwa urahisi.

Chumba kimoja New Orleans

Ushahidi mwingine hauhitaji jozi ya wimbo mmoja. Mjini New Orleans, katika mtaa wa Rampart, Cosimo Matassa alikuwa na studio ndogo iliyoitwa J&M. Humo, tarehe 10 Desemba 1949, Fats Domino mwenye umri wa miaka 21 alirekodi "The Fat Man", na mpiga ngoma Earl Palmer akapiga mbili na nne kwa nguvu tangu mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo kabla ya hapo wapigaji wengi waliliwekea akiba kwa ajili ya sehemu ya mwisho ya wimbo. Humo humo, mwezi Septemba 1955, Little Richard alirekodi "Tutti Frutti", Palmer akiwa kwenye ngoma tena, na saksofoni zikipigwa na Lee Allen na Alvin Tyler, waliokuwa pia wapigaji wa Domino. Santuri ya kwanza iliuzwa kama rithimu na bluzi, na ya pili inatajwa kila mahali kama rokenroli. Domino aliwahi kusema kwamba kinachoitwa rokenroli ni rithimu na bluzi aliyokuwa akiipiga New Orleans kwa miaka 15.

Kuna lililobadilika, hata hivyo, na kikao cha haki hakilifichi. Waombe wasikilizaji wagonge vidole kwenye baraza wakiufuata wimbo wa Jordan: kila pigo linagawanyika katika kipande kirefu na kifupi, daa-da, daa-da, daa-da, daa-da. Kisha wafanye hivyo kwa Little Richard: mkono wake wa kulia unaigonga piano kwa vipande vilivyo sawa, da-da-da-da, bila kuyumba. Palmer alieleza kwamba alikuwa amezoea mdundo wa kuyumba, lakini Richard alipopiga namna ile hakuwa na budi kumfuata. Chuck Berry naye hupiga gitaa kwa vipande sawa huku wenzake nyuma yake wakiyumba, na mvutano huo unasikika wazi ukilisogeza sikio karibu na spika. Berry pia hakuchota kisima kimoja, kwa kuwa "Maybellene" ya mwaka 1955 aliijenga juu ya wimbo wa zamani wa wazungu wa mashambani uitwao "Ida Red". Ongeza kwamba gitaa lilichukua nafasi ya mbele iliyokuwa ya saksofoni, na kwamba maneno yaliacha mambo ya watu wazima yakaingia shuleni na kwenye magari ya vijana. Orodha ya mabadiliko makubwa karibu inaishia hapo.

Kuhusu mkwaruzo wa gitaa, cheza "Rocket 88" ya mwaka 1951. Santuri ina jina la Jackie Brenston, lakini kundi lilikuwa la Ike Turner. Amplifaya ya gitaa ilikuwa imeharibika, wakaijaza karatasi ili ifanye kazi, nayo ikatoa sauti iliyochanika ambayo wapigaji wa baadaye waliitafuta kwa makusudi. Aliyewarekodi Memphis ni Sam Phillips, yule yule aliyemrekodi Presley miaka mitatu baadaye.

Maswali ya mwisho

Mdundo wa "Bo Diddley", wimbo wa mwaka 1955 wa mwimbaji wa jina hilo hilo, uweke mwisho kwa sababu baada yake hakuna atakayetaka kukaa. Ni mapigo matatu yakifuatwa na mawili, na Jerome Green anatikisa manyanga juu yake. Mzee mmoja hatakosa kusema kwamba hiyo ni ngoma ya kwetu. Mkubalie kwamba sikio lake halikumdanganya, lakini usiharakishe kuuhusisha mdundo huo na pwani hii, kwa kuwa wengi wa Waafrika waliopelekwa utumwani Marekani walitoka Afrika Magharibi na ya Kati, na mdundo wenyewe unajulikana pia Cuba.

Swali la wimbo wa kwanza wa rokenroli halikwepeki. Wataje wagombea watatu waliosikika usiku huo, yaani Harris wa 1948, Domino wa 1949 na Brenston wa 1951, na uwaachie wapige kura kwa makofi, kwenye mbili na nne. Kikao cha pili, kikitakiwa, kirudi nyuma kwa Sister Rosetta Tharpe, aliyeimba nyimbo za injili kwa gitaa la umeme na kurekodi "Strange Things Happening Every Day" mwaka 1944, na kwa T-Bone Walker, mpiga gitaa wa bluzi. Kisha kisonge mbele hadi "The Twist", uliotungwa na Hank Ballard katika rithimu na bluzi, ukatangazwa duniani na Chubby Checker mwaka 1960, na ambao mtindo wake ulimfikia mwanamuziki Daudi Kabaka Nairobi. Usiku huo kiongozi awaachie wazee nafasi ya kusema, kwa maana twist wao waliicheza.